Spika ya babu ilikoroma, mwanangu akabeba lawama

Simu ya baba iliingia saa mbili usiku, tarehe 28 Desemba, nikiwa zamu ya jioni chumba cha habari. Baba hana kawaida ya kupiga usiku. Nikatoka nje mbio, moyoni nikishajiandaa kwa msiba.

"Mama," akaanza, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "huyu mtoto wako ameniharibia spika."

Nikashusha pumzi. Halafu nikakasirika, na hasira yote ikaenda kwa binti yangu wa miaka mitano, aliyekuwa Morogoro kwa babu na bibi yake kwa likizo. Sikuuliza spika imekuwaje. Sikuuliza kama mtoto amesema nini. Nilijua tu kwamba spika zile haziguswi. Na mimi nililelewa hivyo.

Niwaeleze kidogo kuhusu hizo spika ili mnielewe. Ni mbili, za Kijapani, maboksi ya mbao yanayomfika mtoto wa darasa la kwanza mabegani. Baba alizinunua Kariakoo mwaka 1988 akiwa fundi wa karakana ya reli, kwa fedha ambazo mama hadi leo anasema zilikuwa za bati. Zimenizidi umri karibu miaka kumi. Jumapili mchana baba huketi kwenye kiti chake katikati ya sebule, spika moja mkono wake wa kushoto, nyingine wa kulia, dirishani, anaweka kaseti za muziki wa dansi alizorekodi mwenyewe kutoka Redio Tanzania. Sana sana Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, lakini ukimsikia baba anavyomzungumzia utadhani wameachana juzi pale Msamvu. Majirani wawili watatu huja, chai inamiminwa, na hakuna anayeongea mpaka gitaa limalize.

Sasa baba alikuwa ananiambia kwamba spika ya kushoto inakoroma. Amefungua kitambaa cha mbele na kukuta kile kifuniko cha duara katikati ya spika, kinachofanana na kitovu, kimebonyezwa ndani kwa kidole. Mtoto amekiri kwamba ameshika.

Siku ya pili nikapanda treni ya SGR kwenda kumchukua. Njiani nilikuwa nikipanga maneno. Nilipofika sikutumia maneno. Nilimchapa kandambili mbili za mkononi, mbele ya babu yake, ili baba aone kwamba namlea mtoto vizuri. Mtoto alilia akirudia jambo moja: "Mama, ile nyingine ndiyo inalia! Ile nyingine!" Nilimwambia anyamaze, asiongeze uongo juu ya kosa.

Naandika habari za afya. Nimeandika makala zaidi ya moja kuhusu malezi bila kipigo. Mnaweza kunicheka.

Baba alikuwa na kawaida ya kumwita mjukuu wake "mchumba wangu", kama babu wengine wote wa kwetu. Baada ya siku hiyo akawa anamwita kwa jina. Alimpiga marufuku kukanyaga sebuleni. Na Februari, nilipomwambia mtoto kwamba Pasaka tutaenda Morogoro, alisema hataki. Nikamuuliza kwa nini. "Kule spika ikilia nachapwa mimi." Hakuwa analia. Aliendelea kuchora.

Kauli ile ilinikaa. Jumamosi moja ya mwezi Machi nikaenda Morogoro peke yangu, nikamwomba baba aniwashie muziki.

Alikataa kwanza. Tangu Desemba hakuwa amewasha. Majirani walikuwa wameacha kuja, na mama alisema nyumba imekuwa kama ya matanga. Mwishowe akaweka kaseti, akaketi kwenye kiti chake, akanyoosha kidole kushoto. "Unasikia?"

Nilisikia. Kila gitaa la besi lilipopiga nota nzito, kulikuwa na mkoromo, kama nyuki ndani ya kopo. Ila haukuwa unatoka kushoto. Ulikuwa unatoka kulia. Nilisimama katikati, nikafumba macho, nikageuka. Kulia. Nikamwita mama kutoka jikoni bila kumwambia chochote, nikamwuliza inakoroma ipi. Akaonyesha ya kulia, akashangaa swali lenyewe. "Si mlisema inajulikana?"

Baba akang'aka. Alikuwa ameisikia kwa masikio yake, kushoto. Basi nikaamua kufanya anachofanya daktari mwenye subira: usianze na dawa, anza na kutenganisha magonjwa yanayofanana.

Kwanza, ni mkoromo wa aina gani? Hili ni muhimu kwa yeyote mwenye redio ya zamani nyumbani. Mvumo ambao upo hata wimbo usipopigwa, umenyooka bila kubadilika, mara nyingi ni wa umeme, unatoka kwenye amplifaya au waya wa kuingizia sauti. Mkwaruzo unaotokea pale tu unapozungusha kitufe cha sauti ni uchafu ndani ya kitufe. Wa kwetu haukuwa hivyo. Ulikuja na besi na kuondoka na besi, hata sauti ikiwa ya chini. Nikajaribu redio badala ya kaseti, kisha simu yangu. Ukawa uleule. Kwa hiyo kaseti za baba hazikuwa na kosa, jambo lililomfurahisha sana.

Pili, ni boksi au ni amplifaya? Hapa kuna mbinu rahisi ambayo baba mwenyewe, fundi wa reli, alikubali kwamba ina akili. Unazima kila kitu na kuchomoa kwenye umeme. Unahamisha nyaya nyuma ya amplifaya: wa boksi la kulia unauweka kushoto, wa kushoto unauweka kulia. Uangalie nyuzi za shaba zisigusane, zikigusana unaweza kuunguza amplifaya. Kisha washa tena. Mkoromo ukihamia boksi lingine, mgonjwa ni amplifaya. Ukibaki palepale, mgonjwa ni boksi au waya wake.

Ulibaki palepale. Kulia. Nikaukunja na kuutikisa waya, hakuna kilichobadilika.

Tatu, je, ni spika kweli au ni kitu kingine chumbani kinachotetemeka? Kwenye simu kuna programu za bure zinazotoa mlio mmoja mnyoofu, unauteremsha kutoka mwembamba hadi mzito. Nilianza na 200, nikashuka polepole, sauti ikiwa chini. Kwenye 120 hivi kabati la vyombo la mama likaanza kuimba, glasi zikigongana. Nikaweka kiganja kwenye kioo, likanyamaza. Hilo halikuwa letu. Nilipofika 80, boksi la kulia likakoroma peke yake, bila besi, bila Mbaraka, bila mtoto.

Ndipo tukafungua kitambaa cha mbele cha boksi la kulia. Nadhani hakikuwa kimefunguliwa tangu nizaliwe.

Spika kubwa, ile inayotoa besi, ina karatasi ngumu yenye umbo la faneli. Ukingo wa karatasi hiyo haugusi chuma. Umeshikwa na mduara laini wa sponji, ambao kazi yake ni kuiacha karatasi iende mbele na kurudi nyuma bila kuyumba pembeni. Katika spika nyingi za miaka ya 70 na 80 mduara huo ulitengenezwa kwa sponji, na sponji ya aina hiyo haiishi milele. Unyevu, joto na mwanga wa jua vinaila polepole, hata usipopiga muziki kabisa. Baada ya miaka kama 15 au 25 inageuka kuwa kitu kinachonata, kisha unga. Zenye ukingo wa raba au wa kitambaa huwa zinadumu zaidi.

Ya kulia nusu ya chini ilikuwa haipo kabisa. Vipande vilivyobaki vilining'inia. Nilipogusa kwa ncha ya kidole, vikabaki kwenye kidole. Boksi hilo lipo dirishani, linapigwa jua la mchana kila siku ya Mungu.

Mama alichungulia, akasema, "Kumbe ndiyo ule unga." Unga gani? Alikuwa akifuta unga wa kahawia chini ya boksi lile tangu mvua za masika za mwaka uliopita. Alidhani ni dumuzi wanakula mbao, akawa anapulizia dawa ya wadudu. Tangu masika. Mtoto alikwenda Desemba.

Baba hakusema neno. Alivaa miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

Nikafanya jaribio la mwisho. Unaweka vidole vya mikono miwili kwenye karatasi, pande zinazotazamana, unasukuma taratibu na kwa usawa, kidogo tu. Nyuma ya karatasi kuna koili ya waya mwembamba inayocheza ndani ya mwanya mwembamba sana wa sumaku. Ikiwa katikati, husikii chochote. Ikiwa imeyumba, inakwaruza. Ya kulia ilikwaruza kama msasa. Huo ndio mkoromo wenyewe. Ya kushoto, ile yenye kitovu kilichobonyezwa na binti yangu, ilikwenda na kurudi kimya. Kubonyea kwa kitovu huwa ni doa la sura tu, isipokuwa kimezama hadi kugusa koili. Hiki hakikuwa kimegusa kitu.

"Ile nyingine ndiyo inalia." Alikuwa amesema ukweli wote, pamoja na kosa lake dogo. Kazini siandiki habari bila kusikia upande wa pili. Nyumbani kwangu nilisikiliza upande mmoja nikatoa hukumu.

Jumatatu nilibeba ruhusa ya siku moja tukaenda kwa fundi redio mjini. Kuna ushauri wake nataka mzazi mwenzangu aushike, maana wengine wangetuuzia spika mpya saa hiyohiyo. Alipima koili kwa mita. Spika iliyoandikwa omu 8 ikisoma 6 au 7 ni nzima, kwa sababu mita inapima waya wenyewe tu. Ikisoma hakuna kitu, koili imekatika, na hapo hesabu inabadilika. Yetu ilisoma 6. Akasema kuna mafundi wanaobandika kitambaa au kumwaga gundi ya raba kwenye mpasuko. Inanyamaza wiki mbili, kisha karatasi inakuwa nzito na koili inazidi kuyumba. Akatushauri tuagize miduara mipya ya sponji ya kipimo kilekile, na tubadilishe zote mbili, maana ya kushoto nayo ilikuwa inaanza kunata. Shilingi 45,000 pamoja na gundi na kazi. Baba alipunguza mpaka 40,000, kwa heshima tu.

Mzigo ulikuja na basi baada ya siku tisa. Nilirudi kushuhudia, safari hii na mtoto. Nilimwambia tunakwenda kuona spika ikifanyiwa operesheni. Neno operesheni lilifanya kazi ambayo ahadi ya zawadi haikufanya.

Ni operesheni kweli. Fundi alifungua skrubu, akatoa spika, akakwangua sponji ya zamani na gundi yake mpaka ukingo ukawa safi. Akakata kitovu kwa wembe. Ndani ya kile kishimo, kati ya koili na chuma cha sumaku, akachomeka vipande vyembamba vya plastiki kuzunguka pande zote ili koili isimame katikati kabisa wakati gundi inakauka. Nikatazama vizuri vile vipande. Vilikuwa vya picha ya eksirei. Niliona mbavu. Nimeandika kuhusu eksirei za kifua miaka minne sasa, sikujua zina kazi hii ya pili. Alibandika mduara mpya, akabana ukingo, akaacha mpaka kesho yake. Ndipo akavuta vile vipande na kuweka kitovu kipya. Hivyo hata ule mbonyeo wa kidole cha mtoto ukaondoka na wembe.

Wakati wa kuchomelea nyaya alimtoa mtoto nje, na alikuwa sahihi. Ile risasi ya kuchomelea mara nyingi ina madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na moshi wake si wa kuvuta. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kushika chakula. Jambo jingine: boksi la spika unaweza kulifungua ukiwa umechomoa nyaya, lakini amplifaya usiifungue. Ndani yake umeme unaweza kubaki umehifadhiwa hata baada ya kuchomoa.

Kilichonishinda ni kilichotoka ndani ya boksi. Spika hizi zina tundu la mbele la kutolea besi, saizi ya mkono wa mtoto. Fundi alitoa pamba ya ndani na kuikung'uta. Ikaanguka sarafu ya shilingi 20, kifuniko cha kalamu, na kichwa cha mwanasesere mwenye nywele za njano. Mwanasesere yule nilimlilia wiki nzima nikiwa darasa la kwanza. Nilidai amechukuliwa na mtoto wa jirani, na mtoto wa jirani akapigwa. Sikumbuki kabisa kumtumbukiza mle.

Baba alikitazama kichwa, akanitazama mimi, akamtazama mjukuu wake. Akasema, "Haya."

Spika zilirudi sebuleni Jumapili. Sauti ilikuwa safi mpaka majirani wawili wakaja bila kuitwa. Baba alikaa kwenye kiti chake, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Kwa mbali bado. Kushoto."

Hapo ndipo mwandishi wa afya ndani yangu alipoamka, kwa kuchelewa sana. Nikakumbuka kwamba siku hizi simu anaishika sikio la kushoto tu. Ukimsemesha kutoka kulia anageuza kichwa. Ubongo unajua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Moja likipungua, kila kitu kinaonekana kutoka upande wa lile linalosikia. Kwa baba, dunia nzima ilikuwa imehamia kushoto. Spika ya kulia ilipokoroma, alisikia kushoto, akafungua kitambaa cha kushoto, akakuta alama ya kidole.

Tulikwenda kliniki ya masikio. La kulia lilikuwa limezibwa na nta iliyosukumwa ndani na vijiti vya pamba, anavyotumia kila siku akidhani anasafisha. Waliilainisha kwa matone kwa siku kadhaa kisha wakaitoa kwa maji. Hiyo si kazi ya kujifanyia nyumbani, kwa sababu ngoma ya sikio ikiwa na tundu maji yataleta madhara. Baada ya hapo walimpima. Sikio la kulia lilirudi kwa kiasi kikubwa, lakini sauti nyembamba zimepungua pande zote mbili, na hizo hazirudi. Ni umri, na ni miaka 30 ya karakana bila kinga ya masikio. Sauti nyembamba ndizo zinazobeba herufi kama s na f, na ndizo sauti za watoto. Mjukuu wake alipokuwa akimweleza ile siku, inawezekana baba hakuyapata hata maneno yenyewe.

Alishauriwa kifaa cha kusaidia kusikia. Amesema atafikiria. Kwa baba hiyo ni hapana, lakini nitaendelea. Wakati huohuo tumekubaliana kuhusu sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto 75. Ukipanda hadi 90, muda salama unashuka hadi saa nne tu kwa wiki. Programu ya kupima sauti kwenye simu si sahihi sana lakini inatoa picha. Kiti cha baba kilisoma 88 siku ya kwanza. Alikuwa anaongeza ili asikie.

Baba hakuomba msamaha, sikutegemea. Alichofanya, Jumapili hiyo mchana, ni kuita kutoka sebuleni: "Mchumba! Njoo unisaidie."

Mtoto alisimama mlangoni, akanitazama. Nikamwambia aende. Baba akamwambia masikio ya babu yamezeeka, kwa hiyo yeye ndiye atakuwa fundi wa kumwambia ipi inakoroma. Akaweka sikio kwenye boksi la kushoto, muda mrefu, kama daktari. Akaenda la kulia. Akarudi la kushoto.

"Hakuna," akasema. "Lakini punguza, babu."

Akapunguza.

Mimi niliomba msamaha kwenye treni tukirudi. Nilimwambia nilimchapa kwa kosa ambalo halikuwa lake, kwamba alisema ukweli na mimi sikumsikiliza, na kwamba nimekosea. Alisikiliza huku akimvisha kile kichwa cha mwanasesere kofia ya karatasi. Kisha akauliza kama babu naye nilimchapa.

Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

Treni ilikuwa inapita Pugu. Nilimwambia tujiandae kushuka.